Kukarabati jiko au bafu Marekani: lini uchukue kibali, na unakichukuaje

"Kaka, kibali cha nini tena? Si nyumba yangu?"

Huyo ni mdogo wangu, miezi miwili baada ya kukabidhiwa funguo za nyumba yake ya kwanza huko Ohio. Vigae alishanunua, kabati alishaagiza, na rafiki wa kanisani alikuwa amempa namba ya fundi atakayemaliza bafu kwa siku nne. Sikumlaumu. Sisi tuliokulia Tanga tunajua kibali cha ujenzi ni cha anayechimba msingi. Anayebadili sinki anamwita fundi bomba, wanapatana bei, jioni maji yanatoka.

Huku mambo hubadilika kwa sababu ya ukuta wenyewe. Kwetu ukuta ni tofali na plasta. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bodi za jipsamu, na katikati ni uwazi. Ndani ya uwazi huo hupita maji safi, maji taka, nyaya za umeme, mara nyingine na gesi. Bodi zikishapigwa na kupakwa rangi, kazi ya fundi hodari na ya fundi mbabaishaji zinafanana kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kazi ni kubwa kiasi gani, jiulize hivi: nikimaliza, kutakuwa na kitu kipya kilichojificha ndani ya ukuta, chini ya sakafu au juu ya dari? Kama kitakuwepo, karibu kila mara kibali kinahitajika.

Kazi zisizohitaji kibali

Marekani haina sheria moja ya ujenzi kwa nchi nzima. Majimbo na miji mingi huchukua kanuni za mfano za nyumba za kuishi, zinazojulikana kwa kifupi IRC (International Residential Code), ambazo shirika la International Code Council huzitoa upya kila baada ya miaka 3, kisha kila mahali hukata na kuongeza yake. Ila kuhusu vitu vya kusamehewa, sehemu nyingi zinafanana. Kupaka rangi, kubandika karatasi za ukutani, kuweka vigae, zulia, kabati na meza ya jikoni: hizo ni kazi za kupamba, endelea nazo. Kuziba bomba linalovuja na kuzibua lililoziba, vilevile. Kung'oa choo cha kukaa na kukirudisha palepale, ilimradi hugusi mabomba wala valvu, nako kunasamehewa.

Hata New York City, yenye sifa ya ukali, haidai kibali kwa kupaka rangi, kubadili kabati za jikoni au kuweka choo kipya pale pale pa zamani. Kama unaishi kwenye jengo la ghorofa, hata hivyo, utawala wa jengo una fomu zake na saa zake za kupiga nyundo. Ruhusa yao haiondoi kibali cha jiji, na kibali cha jiji hakiondoi ruhusa yao.

Kazi zenye kibali bila ubishi

Kuondoa au kutoboa ukuta unaobeba uzito. Kuhamisha sinki, choo, shawa au hodhi kwenda sehemu nyingine. Kuongeza bafu ambalo halikuwepo. Kuvuta saketi mpya ya umeme kutoka kwenye boksi la breka. Kurefusha au kuhamisha bomba la gesi. Kupanua dirisha. Kuweka feni mpya ya kutoa mvuke pamoja na bomba lake la kwenda nje. Kubadilisha tangi la kupasha maji, hata kama jipya linakaa pale pale pa lile la zamani. Hilo la mwisho huwashangaza wengi, lakini tangi hilo lina gesi (na moshi wake wa kutoa nje) au umeme mkubwa, lina na valvu ya kupunguza presha, na likikosewa linaweza kuua watu.

Sehemu inayochanganya

Hapa ndipo watu hukosea kwa nia njema, kwa hiyo tukae kidogo.

*Hodhi kugeuzwa shawa.* Unaondoa hodhi, unaweka shawa mahali pale pale, hakuna kilichohama. Au ndivyo inavyoonekana. Bomba la maji taka la hodhi kwa kawaida ni la inchi 1 na nusu, wakati shawa mara nyingi inatakiwa inchi 2, maana hodhi lenyewe ni chombo kinachosubiri maji yaondoke, ila shawa haina pa kuyaweka. Kubadili bomba hilo ni kufungua sakafu. Halafu valvu ya shawa yenyewe iko ukutani, na siku hizi inatakiwa iwe ya kuzuia maji kuunguza, yasivuke nyuzi 120 za Fahrenheit, yaani 49 za Selsiasi. Kazi hii chukulia ina kibali.

*Sinki katikati ya jiko.* Kila mtu anataka ile meza ya katikati, na ukiweka sinki juu yake inapendeza. Tatizo ni kupumua. Kila sinki lina kona ya bomba inayobaki na maji kidogo ili harufu na gesi ya maji taka visipande ndani. Bila bomba la kupumulia karibu, maji yanaposhuka kwa kasi huyafyonza na hayo ya kwenye kona, na harufu inaingia. Sinki la ukutani hupumulia juu kupitia ukuta. La katikati halina ukuta. Kuna njia za kulitatua, lakini kila mji una inayokubalika kwake, na hutaijua bila kuuliza idara yao.

*Kuhamisha choo "kidogo tu".* Hesabu yenyewe ndiyo hii. Bomba la choo ni la inchi 3, lakini kwa nje, likiwa la PVC, lina inchi 3 na nusu. Boriti ya sakafu inayoitwa 2 kwa 10 kwa kweli ina kina cha inchi 9 na robo, na kanuni zinasema tundu lisizidi theluthi ya kina chake. Theluthi hiyo ni inchi 3 na kitu kidogo. Bomba halipiti. Fundi asiyejali atakata boriti nusu nzima, bomba lipite, afunike. Miaka michache baadaye sakafu inabonyea na vigae vinapasuka kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nimeshafungua sakafu za namna hiyo zaidi ya mara moja.

*Kofia ya kutoa moshi juu ya jiko.* Ukitoa ya zamani na kuweka ya nguvu ile ile, huenda usihitaji kitu. Ukinunua ile kubwa inayovuta zaidi ya futi za ujazo 400 kwa dakika, kanuni za IRC zinaweza kukutaka uweke na njia ya hewa mpya kuingia. Vinginevyo feni huvuta hewa kutoka popote inapoipata, na inaweza kuurudisha ndani moshi wa tangi la maji ya moto linalotumia gesi.

*Soketi.* Kubadili soketi iliyochakaa kwa nyingine ni kazi ndogo, ingawa baadhi ya miji inataka kibali hata hapo. Kuongeza soketi ni kuvuta waya ukutani, na huko kuna kibali. Ukifungua jiko lote utaulizwa viwango vya sasa: angalau saketi 2 za ampea 20 kwa vyombo vya mezani, soketi zenye kinga ya kukata umeme papo hapo (zile zenye kitufe cha TEST na RESET), na kando ya meza iliyopakana na ukuta pasiwe na mahali palipo mbali na soketi kwa zaidi ya inchi 24. Bafuni, soketi iwe ndani ya futi 3 kutoka kwenye beseni.

Hatua ya 1: Andika kazi yako kabla ya kupiga simu

Chukua karatasi. Chora chumba kilivyo sasa, kisha chora kitakavyokuwa. Si lazima uwe msanifu. Rula na vipimo vinatosha. Andika kila kitu kinachohama, kinachoongezwa na kinachoondoka. Mdogo wangu aliponitumia mchoro wake nilimwona ameandika "kubadili bafu", basi. Nikamrudishia. Karatasi ya pili ikasema: choo kinahama inchi 14 kwenda kushoto, hodhi linatoka, shawa inaingia, feni mpya, soketi moja zaidi. Hiyo ndiyo lugha ambayo karani wa idara anaweza kuijibu.

Ukichora, pima na nafasi zenyewe. IRC inataka inchi 15 kutoka katikati ya choo hadi ukutani au kabatini kila upande, na inchi 21 wazi mbele yake. Shawa isipungue inchi 30 kwa 30. Bafu lisilo na dirisha la kufunguka linataka feni ya futi za ujazo 50 kwa dakika kwa uchache, ikipeleka hewa nje ya nyumba. Nje, si darini. Nyumba yangu mimi mwenyewe niliinunua na feni iliyokuwa ikipuliza mvuke wote darini kwa mwenye nyumba aliyetangulia, na mbao za paa zilikuwa zimeota ukungu mweusi kama masizi ya jiko la kuni.

Hatua ya 2: Jua unatawaliwa na nani

Anwani yako inaweza kutaja jina la mji huku nyumba ikiwa nje ya mipaka yake, chini ya kaunti. Ukienda kwenye ofisi isiyo yako unapoteza wiki. Ingiza anwani kwenye tovuti ya kodi ya mali ya kaunti, utaona uko wapi, kisha utafute idara ya majengo ya mahali hapo. Kama nyumba iko kwenye eneo la kihistoria, au mtaa una chama cha wenye nyumba, kuna ruhusa nyingine juu ya hiyo. Kwa kazi za ndani mara nyingi si tatizo, hadi utakapotoboa ukuta wa nje kupitisha bomba la feni.

Hatua ya 3: Piga simu, uliza hivi

Usiulize "Je, nahitaji kibali cha bafu?" Soma karatasi yako mstari kwa mstari. Uliza: Kibali kimoja kinatosha, au cha ujenzi, cha bomba na cha umeme vinachukuliwa mbalimbali? Mwenye nyumba anaruhusiwa kukichukua mwenyewe? Mnafuata kanuni za mwaka gani? Ukaguzi ni mara ngapi? Andika jina la aliyekujibu na tarehe, au bora zaidi uliza kwa barua pepe ili jibu liwe limeandikwa. Kiingereza kikikukwaza, omba mkalimani. Idara nyingi za miji mikubwa zina huduma ya simu ya wakalimani, na Kiswahili mara nyingi kimo.

Hakuna anayekukamata kwa kuuliza. Najua woga wetu na ofisi za serikali, lakini karani wa vibali kazi yake ni kukuuzia kibali.

Hatua ya 4: Amua jina la nani litakuwa kwenye kibali

Hii ndiyo hatua yenye pesa. Jina lililo kwenye kibali ndilo linalowajibika mbele ya mkaguzi. Kazi akifanya mkandarasi, kibali kiwe chake. Akikuambia, "Chukua wewe kama mwenye nyumba, itakuwa rahisi," simama hapo hapo. Mara nyingi maana yake hana leseni, au iliyopo imesimamishwa. Ukichukua wewe, umetia sahihi kwamba kazi ni yako, na makosa yake yamekuwa yako.

Leseni hutofautiana kwa jimbo. Texas haina leseni ya jimbo kwa mkandarasi wa jumla, ila fundi bomba na fundi umeme lazima wawe nayo. California inataka leseni kwa kazi inayofika dola 1,000 (kiwango kilikuwa dola 500 hadi mwisho wa 2024), au kwa kazi yoyote inayohitaji kibali, na mkandarasi wa ukarabati wa nyumba haruhusiwi kudai malipo ya awali yanayozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, ipi iliyo ndogo. Ndugu zetu wangapi wametoa nusu ya pesa siku ya kwanza kwa sababu fundi "ni mtu wa nyumbani"? Undugu uendelee, ila namba ya leseni iangaliwe mtandaoni kabla ya hundi kuandikwa.

Ukitaka kufanya mwenyewe, sehemu nyingi zinaruhusu kama unaishi humo. Nyumba ya kupangisha ni habari nyingine. Huko mara nyingi lazima awe fundi mwenye leseni.

Hatua ya 5: Omba, lipa, bandika

Miji mingi hupokea maombi mtandaoni. Bafu la kawaida linaweza kupita siku hiyo hiyo au ndani ya siku chache. Ukigusa ukuta unaobeba, utatakiwa mchoro wa mhandisi na kungoja zaidi. Ada huhesabiwa kwa thamani ya kazi au kwa idadi ya vyombo. Usipunguze thamani kwa uongo: wanaijua bei ya bafu.

Kibali kikitoka, kibandike dirishani, na usisahau kina uhai. Chini ya IRC kinakufa usipoanza kazi ndani ya siku 180, au ukiiacha isimame muda kama huo.

Jiandae na vinavyokuja nacho. Kibali cha ukarabati kinaweza kukulazimisha kuweka ving'amuzi vya moshi na vya gesi ya kaboni monoksaidi nyumba nzima kwa kiwango cha sasa. Na nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978, mwaka rangi yenye risasi (yale madini yenye sumu) ilipopigwa marufuku, kampuni unayoilipa kuvuruga zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ya zamani katika chumba kimoja lazima iwe na cheti cha kazi salama ya risasi kutoka EPA, idara ya serikali kuu ya mazingira. Kama kuna watoto wadogo ndani, hili litangulie yote mengine. Vumbi la msasa wa siku moja linatosha kuwadhuru.

Hatua ya 6: Ukaguzi kabla ya kufunika

Bodi zimetoka, mabomba mapya yamepita, nyaya zimevutwa, ukuta uko wazi. Simama. Usipige hata bodi moja. Huu ndio ukaguzi ambao kibali chote kiliwekwa kwa ajili yake.

Siku ya mdogo wangu nilikuwepo. Mkaguzi, mzee mmoja mwenye tochi, hakuangalia vigae vilivyopangwa sebuleni kwa fahari kubwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mbao za fremu, akaweka kidole gumba kati ya tundu la waya na ukingo wa mbao. Pakiwa chini ya inchi 1 na robo, lazima pipigwe kibati cha chuma, ili msumari au skrubu ya bodi isije ikapenya waya. Vibati viwili vilikosekana. Akamsubiri mdogo wangu avipige hapo hapo, akaendelea. Kisha akataka kuona trei ya shawa: imezibwa tundu, imejazwa maji inchi 2 kwenye kizingiti, na yamekaa dakika 15 bila kushuka. Mdogo wangu alikuwa ameyaweka tangu usiku, na alikuwa ameweka alama ya kalamu pembeni. Mzee alicheka, akatia sahihi.

Ukishindwa ukaguzi, si fedheha. Unapewa orodha, unarekebisha, unaita tena. Baadhi ya sehemu hutoza ada kwa kurudi mara ya pili au ya tatu.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa mwisho

Kila kitu kimefungwa, maji yanapita, feni inazunguka. Watu wengi huishia hapa na kuanza kuoga. Piga simu. Kibali kisichofungwa kinabaki wazi kwenye kumbukumbu za mji, na atakayekiona huenda ni mnunuzi au wakili wake siku unauza. Pesa ya mwisho ya mkandarasi pia ishike mpaka ukaguzi huu upite.

Kama kazi ilishafanyika bila kibali

Huenda ni wewe, huenda ni aliyekuuzia. Sehemu nyingi hutoa kibali cha baadaye: unaomba, unalipa ada ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ya kawaida, na mkaguzi anaweza kutaka ukate matundu kwenye bodi ili aone kilicho nyuma. Inauma, hasa kwenye vigae. Lakini kujipeleka mwenyewe kuna unafuu kuliko kuripotiwa na jirani. Na unapouza, California na majimbo mengine yana fomu ambayo inakuuliza waziwazi kama kuna mabadiliko yaliyofanywa bila vibali. Kuandika "hapana" huku unajua ndiyo ni kesi.

Jambo dogo la mwisho, ambalo hakuna ofisi itakayokudai. Kabla bodi hazijapigwa, piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia imenyooshwa kutoka kwenye kona, namba zisomeke. Mdogo wangu wiki iliyopita alitaka kutundika kioo juu ya beseni. Akafungua simu, akaona bomba la maji ya moto liko inchi 19 kutoka kwenye kona, akatoboa kwenye inchi 23.